Neno "table" na ajenda ya mkutano
Unapowaandikia Wamarekani kwa Kiingereza kuhusu ajenda ya mkutano, epuka kitenzi "table". Kwa Mwingereza, neno hilo lina maana ya kuileta hoja ijadiliwe, na sisi tuliozoea kusikia hati zikiwasilishwa mezani bungeni hatuoni ajabu yoyote. Kwa Mmarekani, maana yake ni kuiweka hoja kando, pengine isirudi tena. Winston Churchill alisimulia jinsi maofisa wa nchi hizo mbili, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, walivyobishana kwa muda mrefu juu ya neno hilo kabla ya kugundua kwamba wote walitaka jambo lilelile. Tumia "discuss" kwa kujadili na "postpone" kwa kuahirisha.