Somo: Kupima faida ya vipande vyako vya UTT (sehemu unazonunua kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, Tanzania)

Swali ni lile lile kila mwezi: "Nimeweka mwaka mzima, mbona faida ni asilimia 6 tu?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Chukua taarifa ya akaunti yako: tarehe, kiasi na bei ya kipande kila uliponunua.

2. Bei ya leo iko kwenye tovuti ya UTT AMIS.

3. Ukuaji wa mfuko: gawanya bei ya sasa kwa bei ya mwanzo, kisha toa 1. Kipande kikitoka sh 400 hadi 448, ni asilimia 12. Mfuko ukikata asilimia 1 unapouza, unapokea 443.52, faida inabaki asilimia 10.88.

4. Faida YAKO wewe unayeweka kidogo kidogo. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Umeweka 100,000 kila mwanzo wa mwezi, jumla 1,200,000. Mwisho wa mwaka unakuta 1,278,000. Ukigawa 78,000 kwa 1,200,000 unapata asilimia 6.5, unaanza kulalamika. Laki ya kwanza imekaa miezi 12, ya mwisho mwezi mmoja tu! Jumlisha 12+11+10 hadi 1: ni 78. Laki moja mara 78 ni 7,800,000. Sasa gawa 78,000 kwa hiyo: asilimia 1 kwa mwezi, yaani kama 12 kwa mwaka. Na usiangalie salio peke yake. Salio likitoka milioni 1 hadi milioni 1.5 na katikati uliongeza laki 4, kilichozaliwa ni laki moja.

5. Mifuko inayotoa gawio, kama Jikimu: gawio likitoka, bei ya kipande hushuka. Lirudishe kwenye hesabu. Kutoka 150 hadi 153 na gawio la 12 ni asilimia 10, si 2.

6. Zaidi ya mwaka, usigawe kwa miaka. Asilimia 21 kwa miaka miwili ni 10 kwa mwaka (1.1 × 1.1 = 1.21), si 10.5.

MASWALI

— Mkuu, ninunue mfuko ambao kipande ni bei rahisi ili nipate vingi?
Hapana. Asilimia 12 ya laki ni 12,000, uwe na vipande 100 au 1,000. Rudi hatua ya 3.

— Mfuko wa Umoja mwezi huu umezidiwa na mfuko wa Ukwasi. Nihame?
Mwezi mmoja haupimi kitu. Umoja una hisa ndani yake, bei zake hupanda na kushuka. Ukwasi ulinganishe na amana ya muda maalumu benki.

— Samahani mkuu, mfumuko wa bei natoa vipi?
Swali zuri sana, dada. Wengi hutoa tu, 12 kasoro 3. Kugawa ndiyo sahihi: 1.12 ÷ 1.03 = 1.087, faida halisi asilimia 8.7. Mfumuko wa bei hutangazwa na NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) kila mwezi; chukua wa kipindi kile kile ulichopima.

— Mimi naweka tarehe zisizo na mpangilio, na mara nyingine natoa. Hatua ya 4 inanishinda.
Tumia XIRR kwenye Excel, kanuni inayokokotoa faida ya mwaka kwa kufuata tarehe ya kila kiasi. Safu moja tarehe, nyingine kiasi: ulichoweka kiwe hasi, ulichotoa chanya, mstari wa mwisho thamani ya leo, chanya. Ikikuletea #VALUE!, tarehe zimeandikwa kama maneno, ziandike upya.

— Kwenye simu je?
Google Sheets inayo pia, kanuni ni hiyo hiyo.