Mstari na karatasi: kumchora muuza kahawa kwa wino na kolaji

Wengi wakianza kolaji, yaani picha ya vipande vya karatasi vilivyobandikwa, huchora umbo zima kwa wino, kisha hukata karatasi za rangi na kuzijaza ndani ya mistari, kama mtoto na kitabu chake cha kupaka rangi. Matokeo yake ni mchoro wenye viraka. Mimi hugawa kazi. Karatasi inabeba uzito: nguo, chombo, ukuta, kivuli. Mstari unabeba kile ambacho mkasi haukiwezi: vidole, macho, darizi. Na pale ukingo wa karatasi umeshaonyesha umbo, kalamu isipite tena.

Mfano wetu ni muuza kahawa wa barazani, mwenye dele lake, birika la kahawa, juu ya makaa na vikombe vidogo anavyovigonganisha ili asikike mtaani.

Vifaa

Tafuta karatasi nene, gramu 200 kwa mita ya mraba au zaidi. Ile ya printa ya gramu 80 hujikunja mara tu gundi ikiilowesha. Uwe na penseli, mkasi mdogo, wembe mpya, gundi nyeupe ya maseremala, brashi bapa, na kalamu mbili za wino usioyeyuka kwa maji, ya milimita 0.3 na ya 0.8. Ijaribu kalamu kabla ya kuiamini: chora mstari, uache ukauke, upitishie brashi yenye maji. Ukichuruzika, hiyo ni kalamu ya kuandikia barua.

Hatua ya 1: Chora ukiwa hapo

Nunua kikombe, omba ruhusa, kaa. Chora kwa penseli kwenye karatasi ya bei rahisi, haraka haraka. Usihangaike na sura; angalia jinsi bega linavyoshuka upande wenye dele na mwili unavyoegemea upande wa pili ili usawa upatikane. Mwinamo huo ukikupotea, hakuna karatasi itakayourudisha.

Hatua ya 2: Gawa kazi

Hapa ndipo mchoro unapoamuliwa, kwa hiyo usiharakishe. Nakili mchoro uliokupendeza kwenye karatasi nyingine, kisha kila sehemu iandikie K ya karatasi au M ya mstari. Dele ni K: zito, limekamilika, linatambulika kwa kivuli chake tu. Kanzu ni K, ila mikunjo yake miwili mitatu ni M juu ya karatasi. Makaa ni K, ya kuchanwa kwa mkono. Uso na mikono ni M, juu ya weupe mtupu.

Kofia itakushawishi uikate karatasi. Usikubali. Vile vitundu vya darizi vinataka kalamu ya 0.3 na subira, na ukivichora vizuri ndivyo vitakavyomvuta mtazamaji usoni. Mvuke, kwa maoni yangu, uache kabisa. Kila mtu huchora mvuke.

Hatua ya 3: Chagua karatasi

Karatasi huja na maneno yake. Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, ametengeneza kolaji juu ya kurasa za zamani za vielelezo vya kitabibu, na kurasa zenyewe zikawa sehemu ya kauli yake kuhusu mwili. Kwa muuza kahawa, mimi hukata kanzu kutoka ukurasa wa daftari wenye mistari, na dele kutoka mfuko wa saruji, tabaka la ndani lililo safi, ukung'utwe vumbi kwanza. Makaa yanatoka kwenye sehemu nyeusi za picha za gazeti.

Gazeti lina shida yake: likikaa kwenye mwanga hugeuka manjano. Ukitaka kazi idumu, toa fotokopi kwenye karatasi nzuri na ukate hiyo. Iwe fotokopi ya wino wa unga, ya mashine ya leza. Nakala ya printa ya wino wa maji itachafuka ukiigusa na gundi. Risiti za dukani ziache, maandishi yake hufifia na joto huzifanya nyeusi. Na kama utauza kazi, usikate picha ya mpigapicha mwingine bila idhini yake.

Hatua ya 4: Kata, chana, panga

Wembe kwa dele, mkasi kwa kanzu, vidole kwa makaa. Gazeti huchanika kwa unyoofu upande mmoja na kwa ukorofi upande wa pili. Jaribu pembeni ujue upi ni upi. Panga vipande bila gundi, piga picha kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama kanzu na ukuta vimelingana weusi, badilisha kimoja sasa hivi.

Hatua ya 5: Bandika

Changanya gundi sehemu mbili kwa maji sehemu moja. Paka mgongo wa kipande hadi kingoni, kilaze, kisha kisugue kuanzia katikati kwenda nje ili hewa itoke. Funika kwa karatasi ya kuokea, weka vitabu vizito juu, na uache usiku kucha.

Hatua ya 6: Wino mwishoni

Sasa kalamu. Anza na vidole vinavyoshika mpini, na uruhusu mstari utoke kwenye weupe, upite juu ya dele, urudi tena nje. Kuvuka huko ndiko kunakounganisha vitu viwili vikawa picha moja. Kwenye karatasi inayong'aa wino hautashika. Tumia kalamu ya rangi ya akriliki. Mstari mmoja mweupe ubavuni mwa dele unatosha kuonyesha mng'ao.

Hatua ya 7: Skani

Weka nukta 600 kwa inchi. Mwanga wa skana hutokea upande mmoja, kwa hiyo kingo za karatasi hutupa kivuli chembamba. Skani mara mbili, ya pili ukiwa umegeuza kazi juu chini, kisha chagua ile ambayo kivuli chake kinaangukia chini ya dele.