Kumhifadhi nge wako baada ya kufa

Usiharakishe. Usiku wa Juni na Julai hapa Lubumbashi una baridi, na nge aliyepoa hulala kama mfu. Mweke penye joto kwa saa moja au mbili, kisha mguse kwa kibano. Hata kama amekufa kweli, usimshike kwa vidole: mwiba bado una sumu.

Fanya kazi siku hiyohiyo, maana tumbo ndilo huanza kuoza. Alkoli ya asilimia 90 ya farmasi ni kali mno, viungo hukakamaa na kukatika. Pima mililita 70, ongeza maji hadi zifike 90. Hapo umepata asilimia 70. Yote haya mbali na mbabula, jiko la makaa! Kwa sindano nyembamba ingiza alkoli hiyo kidogo tumboni, kwenye ngozi laini ya ubavuni. Ukiruka hatua hii, nge mnene hugeuka mweusi na kunuka ndani ya chupa safi kabisa.

Mlaze juu ya frigoliti (ile povu nyeupe nyepesi ya kufungia vitu), zuia miguu na mkia kwa pini za pembeni bila kumtoboa, mfunike kwa kitambaa kilicholowa alkoli hadi kesho yake, kisha mzamishe chupani. Alkoli ikigeuka manjano, ibadilishe. Lebo yenye mahali na tarehe ikae ndani, kwa penseli; wino wa kalamu huyeyuka.