SOMO: Kutumia takwimu za sensa bila kuchanganya mipaka (kaunti, kaunti ndogo, lokesheni, sablokesheni)

Naandika hapa mara moja ili anayeuliza aelekezwe hapa. Kila msimu wa maombi ya ufadhili, vikundi vya Malindi na vya Lamu hunitumia swali lilelile: mahali petu pana watu wangapi, na tarakimu ipi tuandike? Na kila mara kuna kikundi kinachorudishiwa karatasi kwa sababu tarakimu hazilingani. Vijana wanafanya kazi ya maana mitaani, halafu wanaangushwa na jedwali. Inaniuma.

Hatua ya 1. Jua ngazi. Kaunti 47, kisha kaunti ndogo, tarafa, lokesheni (ya chifu), sablokesheni (ya naibu wa chifu). Chini ya hapo Shirika la Takwimu la Kenya, KNBS, hukata sablokesheni kuwa maeneo ya kuhesabia, kila moja wastani wa kaya 100 hivi. Eneo la kuhesabia halivuki mpaka wa sablokesheni.

Hatua ya 2. Pakua ripoti ya sensa ya 2019. Juzuu la Kwanza lina kaunti na kaunti ndogo, la Pili linashuka hadi sablokesheni, la Tatu ni umri na jinsia, la Nne ni hali ya maisha.

Hatua ya 3. Usiandike jina la mahali peke yake. Wadi ya Shella iko Lamu, na wadi ya Shella iko Malindi. Andika kaunti na namba yake: Kilifi 003, Lamu 005.

Hatua ya 4. Kabla ya kulinganisha miaka miwili, hakikisha mpaka ni uleule. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hivyo someni taratibu. Sensa ya 2009 ilipangwa kwa wilaya, na kaunti ya Kilifi ya leo ilikuwa wilaya tatu: Kilifi 456,297, Malindi 400,514, Kaloleni 252,924. Sensa ya 2019 imeigawa Kilifi katika kaunti ndogo tisa, na humo Malindi ina watu 333,226. Mtu akiweka 400,514 kando ya 333,226 ataandika kwamba Malindi watu wamepungua. Hawakupungua! Wilaya ya Malindi ilibeba na Magarini, ambayo sasa inasimama peke yake ikiwa na watu 191,610. Zijumlishe mbili hizo upate 524,836. Hilo ni ongezeko la asilimia 31, sawasawa na kaunti nzima iliyotoka 1,109,735 hadi 1,453,787. Jina limebaki, eneo limebadilika. Msimamizi wa mradi akiona "watu wamepungua" atauliza mbona mnaomba darasa jipya, na hamtakuwa na jibu.

Onyo: msipige hesabu ya ongezeko la kaunti ndogo yoyote kwa kuilinganisha na wilaya ya jina hilohilo. Onyo la pili: kaunti ndogo ya sensa si lazima iwe sawa na eneo bunge. Kilifi ina maeneo bunge saba, kaunti ndogo za sensa tisa. Chonyi na Kauma hamtazikuta kwenye orodha ya wabunge.

Hatua ya 5. Jumlisha sehemu uone kama zinafika jumla. Lamu Mashariki 22,258 na Lamu Magharibi 121,662 ni 143,920, ndiyo kaunti nzima. Zisipofika, umeruka mstari.

Hatua ya 6. Kila tarakimu iandikiwe mwaka wake.

MASWALI

Kijana wa Barani: Mwalimu, nipe tu Malindi ina watu wangapi, nina haraka.
Jibu: Hatua ya 4.

Kijana wa Barani: Nimeona tarakimu mbili, ipi ni ya kweli?
Jibu: Zote mbili. Soma tena hatua ya 4, safari hii mpaka mwisho.

Bi Mkubwa wa Faza: Assalaam aleikum mwanangu. Sisi Lamu tutumie hesabu hiyo hiyo ya kujumlisha?
Jibu: Waaleikum salaam mama. Lamu mna nafuu, kwa kiwango cha kaunti mwaweza kulinganisha moja kwa moja: 101,539 mwaka 2009, 143,920 mwaka 2019. Ni asilimia 42 hivi, kasi kuliko Kilifi. Ila angalieni wastani usiwafiche. Kaunti ni kilomita za mraba 6,253 hivi, watu 23 kwa kila moja, na hiyo inachanganya vichochoro vya Mkomani, mjini Lamu, na msitu wa Boni. Mkiomba zahanati ya Faza, shukeni hadi sablokesheni.

Mpwa wa Pate: Mjomba, mwanafunzi wa Pate anayesoma Mombasa alihesabiwa wapi?
Jibu: Swali zuri mno. Alihesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Akiwa bwenini Mombasa, ni wa Mombasa katika sensa hiyo. Kwa visiwa vinavyosafirisha vijana kwenda masomoni, litaje hilo kwenye maelezo yenu.

Msomaji wa Gede: Mbona utafiti wa kitaifa wa afya (KDHS) wa 2022 hauna majibu ya Gede?
Jibu: Kwa sababu ule ni sampuli. Walichagua maeneo 1,692 nchi nzima, kaya 25 kila eneo, yakagawanywa katika matabaka 92: kila kaunti mjini na mashambani, isipokuwa Nairobi na Mombasa ambazo ni mjini tupu. Umepangwa utoe jibu la kaunti. Ukitaka Gede, rudi kwenye sensa.

Dada wa Ganda: Nataka idadi ya wadi, siioni kwenye Juzuu la Pili.
Jibu: Wadi ni mipaka ya Tume ya Uchaguzi. Tafuta orodha ya sablokesheni zilizo ndani ya wadi yako, uzijumlishe. Ikiwa sablokesheni imekatwa katikati na wadi mbili, sema wazi kwamba ni makadirio.

Fundi Simu: Nyongeza, mkinakili jedwali la PDF kwenye simu safu huhama, wanaume wanaingia kwa wanawake. Afadhali kuandika kwa mkono.
Jibu: Kweli kabisa. Na mkishaandika, wanaume, wanawake na wenye jinsia mbili wajumlishwe mstari kwa mstari.

Kijana wa Barani: Nimesoma. Kwa hiyo ombi letu la 2009 hadi 2019 niweke Malindi na Magarini pamoja?
Jibu: Naam. Na kichwa cha jedwali kisomeke "iliyokuwa wilaya ya Malindi". Ukishalifanyia kazi nitumie, nitalipitia kabla hamjapeleka.