Mkopo wa simu ukikushinda

Usikope apu ya pili kulipa ya kwanza. Hapo ndipo wateja wengi wa kibanda changu cha M-Pesa huzama. Kodi, unga na nauli vitangulie. Kisha waandikie wenye apu, usipige: “Nadaiwa 6,400. Naweza kulipa 300 kila Ijumaa. Naomba msimamishe faini.” Kila jibu, piga skrinshoti.

Wakikutukana, au wakimpigia shemeji yako simu kukuaibisha (hili linaniuma kuliko riba yenyewe), kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 zinakataza. Peleka skrinshoti hizo kwa Kamishna wa Data (anayelinda taarifa zako binafsi), na uangalie kwenye tovuti ya Benki Kuu kama wana leseni. Deni bado utalilipa. Ukilimaliza, hakikisha CRB (kampuni zinazotunza rekodi za mikopo) zinaonyesha umelipa.