Jinsi ya kuandika historia mbadala ambamo Hitler anatangulia kupata bomu la atomiki

Hadithi nyingi za namna hii huanguka mapema kwa sababu mwandishi amegeuza kitu kidogo mno. Heisenberg, mwanafizikia mkuu wa mradi wa nyuklia wa Ujerumani, anasahihisha hesabu moja, na baada ya miezi michache London inateketea. Msomaji anayeijua historia ataifunga hapo hapo. Bomu la atomiki halikungoja mwanasayansi mmoja mwenye kipaji. Lilingoja viwanda, umeme, madini na muda, kwa hiyo panga hivyo kabla hujamtungia mhusika jina.

Weka bei mezani kwanza. Mradi wa Manhattan, ule uliotengeneza bomu la kwanza la atomiki, uliigharimu Marekani takriban dola bilioni 2 za wakati ule, na ulipofikia kilele uliajiri watu wapatao 130,000. Kule Oak Ridge, kituo cha mradi huo jimboni Tennessee, sumaku za kutenganisha urani zilihitaji nyaya nyingi mno, na shaba ilikuwa adimu kwa sababu ya vita, hivyo wakaazima zaidi ya tani 13,000 za madini ya fedha kutoka hazina ya taifa. Yote hayo yalijengwa mbali na ndege za adui. Mwandishi wa upande wa Ujerumani lazima ajibu: kiwanda kiko wapi, kinapata umeme wapi, na kwa nini Waingereza hawajakilipua? Peenemünde, kituo cha roketi, kilipigwa Agosti 1943, na utengenezaji wa roketi za V-2 ukahamishiwa kwenye mahandaki karibu na Nordhausen, ambako maelfu ya wafungwa wa kambi ya Dora walikufa kwa kazi na njaa. Ukikificha kiwanda chako chini ya ardhi, hao ndio waliokichimba. Usiandike makoti meupe ya maabara peke yake.

Kisha hesabu miaka kurudi nyuma. Jenerali Groves alikabidhiwa mradi wa Marekani Septemba 1942, na jaribio la kwanza, Trinity, lilifanyika tarehe 16 Julai 1945. Hiyo ni karibu miaka mitatu kwa nchi tajiri isiyoshambuliwa viwandani. Ujerumani ilisalimu amri Mei 1945. Waandishi wengi hupenda kikao cha Juni 1942 cha Heisenberg na waziri wa silaha, Albert Speer, ambapo wanasayansi waliomba fedha kidogo tu. Lakini hata kama Speer angewapa kila walichotaka, na wakaenda kwa kasi ya Wamarekani, bomu lingekamilika Berlin ikiwa imeshaanguka. Njia panda yako, yaani pale hadithi inapoachana na historia ya kweli, isiwe baada ya mapema 1941. Ukitaka ya baadaye, urefushe vita, maana yake ulizuie Jeshi Jekundu upande wa mashariki. Hapo hadithi yako imeshakuwa ya Stalingrad, bomu ni kiambatisho.

Njia panda inayovutia zaidi ni 1933, na ndiyo yenye mtego mkubwa. Sheria ya Aprili mwaka ule iliwafukuza Wayahudi kwenye utumishi wa umma, vyuo vikuu vikiwemo. Wanafizikia waliolazimika kuhama baadaye waliujenga upande wa pili: Hans Bethe alikwenda Marekani, na Rudolf Peierls na Otto Frisch, wakiwa Birmingham, waliandika Machi 1940 waraka ulioonyesha kwamba bomu linawezekana. Lise Meitner, aliyeeleza pamoja na Frisch nini hasa Hahn na Strassmann walikuwa wamekigundua Berlin Desemba 1938, yaani kupasuka kwa kiini cha urani, alikuwa ameshakimbia miezi kadhaa kabla. Sasa, ukiwabakiza hawa Ujerumani, umeondoa chuki iliyoujenga utawala wenyewe. Je, Ujerumani hiyo ingeivamia Poland? Huwezi kukwepa swali hili kwa sentensi moja.

Njia panda ndogo inayobeba uzito ni grafiti, kaboni inayotumika kupunguza kasi ya nyutroni ndani ya kinu. Mapema 1941, mwanafizikia wa Kijerumani Walther Bothe alipima grafiti na kuona inameza nyutroni nyingi mno, isifae kwa kinu cha nyuklia. Tatizo lilikuwa uchafu, hasa boroni, ndani ya sampuli. Wajerumani wakabaki na maji mazito, yanayofanya kazi hiyo hiyo, yaliyotoka kiwanda cha Vemork, Norwei. Mpe Bothe grafiti safi na kinu kinaweza kuwaka mapema. Ila uangalie kinachofuata: Ujerumani yenye grafiti haihitaji Vemork kwa kiasi kile. Uvamizi wa makomando wa Februari 1943 na kuzamishwa kwa feri Hydro, iliyobeba maji hayo, Februari 1944 vinapoteza sababu. Mwandishi anayetaka grafiti safi na makomando kwenye theluji anataka mambo mawili yanayofutana. Na kinu si bomu. Baada yake bado unahitaji kitu cha ukubwa wa Hanford, kituo kikubwa cha Wamarekani cha kutengeneza plutoni ya bomu.

Mimi ningeanza kwa kuwachelewesha Wamarekani. Kutangulia ni suala la nafasi kati ya wawili, na waandishi wengi husahau nusu ya pili. Ripoti ya Uingereza ya 1941 iliyosema bomu linawezekana ilifungiwa kwenye sefu ya Lyman Briggs, mkuu wa kamati ya urani ya Marekani, huko Washington, mpaka Mark Oliphant, mwanafizikia wa Birmingham, alipovuka Atlantiki Agosti mwaka huo na kuanza kuwasukuma watu. Mwache Oliphant nyumbani. Au gusa madini: mwaka 1940 Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Kibelgiji, aliagiza takriban tani 1,200 za madini ya urani ya Shinkolobwe, Katanga, zipelekwe New York, na yalikuwa madini tajiri kupita kiasi. Yangebaki Kongo, Wamarekani wangeanza na madini hafifu ya Kanada na Colorado. Lakini usimtume Mjerumani Katanga kutafuta urani: alipoiteka Ubelgiji alikuta shehena kubwa ya kampuni hiyo hiyo, na migodi ya urani ya Joachimsthal, iliyokuwa Chekoslovakia, alikuwa nayo tangu 1938.

Kipimo cha mwisho cha sayansi yako ni Haigerloch, mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani. Aprili 1945 Wamarekani walilifikia pango ambamo Wajerumani walikuwa wamejenga kinu chenye vipande 664 vya urani vilivyoning'inizwa ndani ya maji mazito tani moja na nusu hivi, ambacho hakijawahi kujiendesha chenyewe. Kila sura yako ieleze sehemu ya umbali kati ya pango hilo na Hanford.

Usafirishaji huwaangusha wengi. V-2 ilibeba takriban tani moja. Bomu la Hiroshima lilikuwa na tani 4.4. Kwa hiyo roketi haiwezekani. Ndege ya Kijerumani ya kudondosha mabomu, He 177, ingeweza kuunyanyua mzigo huo na kufika London, si New York. Halafu kuna bomu la pili. Hamburg iliungua kwa mabomu ya kawaida Julai 1943, makumi ya maelfu wakafa, na Ujerumani haikusalimu amri. Usidhani Uingereza ingesalimu kwa bomu moja, hasa ikizingatiwa kwamba Churchill mwenyewe, Julai 1944, alitaka majenerali wake wapime matumizi ya gesi ya sumu. Andika kwenye ratiba yako siku ngapi zitapita kabla la pili halijawa tayari, na nini kitaipata Berlin katika siku hizo.