Filta ya kiyoyozi: iangalie kabla ya kumwita fundi wa gesi

Kiyoyozi kikianza kupuliza hewa dhaifu, jibu la haraka Nairobi ni "gesi imeisha". Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Huzunguka ndani ya mabomba yale yale miaka nenda miaka rudi, na ikipungua, basi kuna mahali inavuja. Kinachojaa kila siku ni filta, na filta haihitaji fundi. Ni kazi ya nusu saa, ukiacha muda wa kukauka.

Kwanza jua una mtambo gani. Nyumba nyingi zenye kiyoyozi hapa zina kile cha ukutani: kisanduku kimoja chumbani, kingine nje kwenye roshani au juu ya paa. Filta zake ni wavu wa plastiki, na huoshwa zikarudishwa. Nyumba kubwa, hasa za Runda na Karen, huweza kuwa na mtambo uliofichwa juu ya dari ya jipsamu, unaovuta hewa kupitia grili ya koridoni. Huko filta mara nyingi ni ya kutupwa.

Cha ukutani

Zima kwa rimoti, subiri vibao vya kutolea hewa vijifunge na feni isimame, ndipo uzime swichi ya ukutani. Usianze na swichi: vibao vitabaki wazi na feni itakatwa ikiwa kwenye mwendo. Panda ngazi iliyo imara. Kiti cha plastiki si ngazi.

Shika kifuniko cha mbele pande zote mbili, kwenye vishikio vidogo vya pembeni, ukiinue mpaka kisimame chenyewe. Ndani utaona filta mbili, moja kushoto na moja kulia. Sukuma ulimi wa chini wa filta juu kidogo ili utoke kwenye ndoano, kisha ivute kuja chini. Fanya polepole, maana vumbi la miezi likishtuliwa humwagika kitandani. Tandika shuka kuukuu na uvae barakoa. Nyuma ya filta kuna koili, mabomba ya gesi yanayopoza hewa, yenye mapezi membamba ya alumini. Yanakata vidole, na yakipinda yanaziba hewa, kwa hiyo usiyaguse.

Nyonya vumbi kwa mashine upande wa mbele ikiwa unayo. Kisha osha kwa maji ya uvuguvugu, yasiyozidi nyuzi 40, yenye tone la sabuni ya vyombo. Maji yapite kutoka nyuma kuja mbele ili yasukume uchafu ulikoingilia. Ukimwagia kutoka mbele unaukandamiza kwenye matundu. Siku za mgao wa maji, beseni mbili zatosha, moja ya sabuni na moja ya kusuuza. Jikoni au karibu na barabara yenye matatu, uchafu huwa wa mafuta na masizi unaonata: loweka dakika 10 halafu tumia mswaki laini. Jiki na brashi ya kufulia viweke mbali, vinaharibu wavu.

Kausha kivulini. Jua la Januari hukunja fremu ya plastiki, na filta iliyokunjika haikai vizuri kwenye mfereji wake, hivyo vumbi linapita pembeni. Usiirudishe ikiwa mbichi. Unyevu pamoja na vumbi ndio mwanzo wa ukungu na ile harufu ya soksi. Iinue kwenye mwanga: ukiona dirisha vizuri kupitia wavu, iko tayari. Wavu uliotoboka au fremu iliyovunjika, nunua nyingine kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko ubavuni mwa kisanduku. Zinafanana kwa macho lakini urefu hutofautiana kwa milimita chache, na hizo zinatosha kuifanya isiingie.

Baadhi ya viyoyozi vina kipande kidogo cheusi au cha rangi kilichobanwa juu ya wavu. Cha kaboni hakioshwi. Hubadilishwa kwa muda uliotajwa kwenye kijitabu chake, na mtambo utafanya kazi hata bila hicho.

Wavu huu unalinda mashine kuliko mapafu yako. Hushika nyuzi, nywele na vumbi zito. Moshi wa taka zinazochomwa mtaani hupita. Na kiyoyozi cha ukutani hakivuti hewa safi kutoka nje, kinazungusha iliyomo chumbani. Kikiwaka, funga dirisha.

Cha darini

Zima swichi yake kwenye kabati la stima. Fungua grili kwa klipu au skrubu huku ukiishikilia kwa mkono mwingine. Toa filta ukiwa umeilaza, kisha iingize moja kwa moja kwenye mfuko wa taka.

Saizi imeandikwa kwenye fremu, mara nyingi kwa inchi: 20x25x1, kwa mfano, ni kama milimita 508 kwa 635 kwa 25. Hiyo ni saizi ya jina. Filta yenyewe huwa ndogo kidogo ili iteleze. Kama maandishi yamefutika, pima nafasi inamokaa pamoja na kina chake. Ikibakiza mwanya unaopitisha kidole, hewa itafuata mwanya badala ya kupita kwenye filta. Ziba kwa utepe wa sponji.

Mshale ulio kwenye fremu unaelekea hewa inakokwenda, yaani upande wa feni. Kwenye grili ya dari, unaangalia juu.

Kuhusu ubora, usikimbilie namba kubwa. Kwa kipimo cha MERV, kinachoonyesha filta inavyoshika chembe ndogo, 8 inatosha vumbi la kawaida. 13 hushika hata sehemu ya chembe za moshi, lakini ikiwa nyembamba ya inchi moja huweza kuinyima feni hewa. Ukiitaka, hakikisha mtambo unaikubali, au tafuta yenye unene wa inchi 2 hadi 4 kama nafasi ipo. Ukikuta dukani filta za kipimo cha Ulaya, G4 inakaribiana na MERV 8. F7 inakaribiana na 13. Andika tarehe kwenye fremu kwa kalamu ya wino mzito kabla ya kuifunga.

Mara ngapi?

Inategemea barabara yako kuliko kalenda. Kiyoyozi kinachotumika kila siku, angalia wavu kila wiki mbili. Ukiwa Syokimau au Embakasi karibu na barabara isiyo na lami, au ploti ya jirani inajengwa, kila wiki wakati wa kiangazi cha Januari na Februari. Filta ya kutupwa ya inchi moja iangalie kila mwezi, na usiipitishe miezi mitatu hata kama inaonekana bado safi.

Ikiziba

Kiyoyozi kikiwa upande wa baridi, koili hukosa hewa ya kutosha, inashuka chini ya sifuri na kujenga barafu. Ukizima, barafu inayeyuka na maji yanachuruzika ukutani. Usiikwangue kwa kisu, utatoboa koili. Washa feni pekee saa moja au zaidi hadi iishe, weka filta safi, kisha ujaribu tena.

Kikiwa upande wa joto, mambo ni kinyume. Baridi ya Juni na Julai ndipo wengi huwasha upande huu baada ya miezi ya kutougusa. Koili ya ndani haiwezi kuachia joto, presha inapanda, na kompresa, pampu inayosukuma gesi, inajizima ili kujilinda. Utaona inapuliza joto kidogo, inanyamaza, inaanza tena, huku tokeni zinakwenda.

Filta ikiwa safi, washa upande wa baridi kwa dakika 15, kisha pima kwa kipimajoto hewa inayoingia juu na inayotoka chini. Tofauti ya kati ya nyuzi 8 na 12 ni nzuri. Ikiwa nyuzi 3 tu, au barafu imerudi, sasa mwite fundi. Mwambie atafute panapovuja kabla ya kuongeza chochote, na aangalie aina ya gesi kwenye kibandiko cha kisanduku cha nje: kilichoandikwa R32 hakiwekewi R410A.